Mifuko ya mafunzo ya ujenzi Marekani: Jimbo lapanga bei, wadhamini washika funguo

Mkandarasi anapopiga hesabu za zabuni huandika saruji, nondo, mbao, mafuta ya mitambo na ujira wa mafundi. Upo mstari mmoja mdogo ambao wengi huupita haraka haraka: gharama ya mafunzo ya mafundi wapya. Katika jimbo la California, Marekani, mstari huo ulizaa kesi iliyoanzia kwenye ujenzi wa gereza na kuishia Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo ilitoa hukumu yake tarehe 18 Februari 1997.

Swali lilikuwa fupi. Bunge la taifa limekwisha kuitungia sheria mifuko ya mafunzo. Je, bunge la jimbo nalo linaweza kutunga sheria inayoigusa mifuko hiyo hiyo? Jibu lilikuwa na uzito wa fedha. Liliamua ni nani atalipa tofauti kati ya ujira wa fundi kamili na ujira wa anayejifunza, na mpaka leo hesabu za kila zabuni ya serikali katika jimbo hilo hupigwa kwa kufuata jibu hilo.

Kwa mwenye hisa katika kampuni za ujenzi, au mwenye duka la vifaa anayesubiri kulipwa na mkandarasi, mambo haya hayako mbali. Malipo yakizuiwa juu, waliopo chini hawapati kitu.

MFUKO WENYEWE NI NINI

Fundi umeme, fundi bomba au seremala wa Marekani kwa kawaida hujifunza akiwa kazini kwa miaka kadhaa, huku akihudhuria darasani kwa saa zilizopangwa. Katika muda huo huitwa mwanagenzi. Ujira wake huanza chini, mara nyingi kama nusu ya ule wa fundi kamili, na hupanda kadiri anavyopanda ngazi.

Walimu, vitabu, karakana na vifaa vya kujifunzia vinahitaji fedha. Katika kazi zenye mkataba wa hali bora kati ya chama cha wafanyakazi na waajiri, fedha hizo hutoka kwenye mfuko wa pamoja. Kila saa moja ya kazi, mwajiri huchangia kiasi fulani kilichotajwa katika mkataba.

Sababu ya kuchanga pamoja ni rahisi. Kazi ya ujenzi huhama. Mwanagenzi aliyefundishwa na kampuni moja mwaka huu, mwakani atakuwa kwenye jengo la kampuni nyingine. Kampuni iliyogharamia mafunzo peke yake itakuwa imemfundishia jirani, na jirani huyo ataingia kwenye zabuni na bei ya chini kwa kuwa hakutoa kitu. Mfuko huzuia mtindo huo wa kula bila kuchangia.

Fedha hizi hazikabidhiwi chama mkononi. Sheria ya kazi ya mwaka 1947, ijulikanayo kama Taft-Hartley, ilikataza mwajiri kukipa chama cha wafanyakazi fedha ila kwa njia chache zilizotajwa. Mwaka 1959 sheria hiyo ilirekebishwa na mifuko ya mafunzo ikaingizwa katika njia hizo. Sharti ni kwamba mfuko uwe mikononi mwa wadhamini, na waajiri na wafanyakazi wawe na idadi sawa ya wajumbe.

Pia ziko programu zisizokuwa na chama ndani yake. Nyingine huendeshwa na umoja wa waajiri, nyingine na kampuni moja inayotoa gharama kutoka katika fedha zake za kawaida bila kufungua mfuko wa pembeni. Msomaji akumbuke tofauti hii ya mwisho, kwa maana ndiyo iliyokuja kuamua sehemu ya kesi.

SHERIA MBILI JUU YA MEZA MOJA

Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mafao ya wafanyakazi inayojulikana kwa kifupi kama ERISA. Shabaha yake ilikuwa kulinda pensheni na mafao mengine ya wafanyakazi yasitafunwe na wasimamizi wasio waaminifu. Sheria hiyo iliwapa wadhamini wajibu mkali, ikadai ripoti, na ikampa mfanyakazi haki ya kwenda mahakamani. Katika orodha ya mipango inayolindwa, Bunge lilitaja waziwazi mafunzo ya wanagenzi.

Waajiri wenye kazi katika majimbo mengi nao walipata walilolitaka. ERISA ilitamka kwamba inafuta sheria yoyote ya jimbo "inayohusiana" na mipango hiyo. Kampuni yenye wafanyakazi katika majimbo 20 isilazimike kufuata taratibu 20 tofauti kwa mfuko mmoja.

Neno hilo "kuhusiana" ndilo lililoleta matatizo. Kodi ya hospitali inahusiana na mfuko wa matibabu, kwa sababu mfuko hulipa hospitali. Sheria ya ujira inahusiana na mfuko wa mafunzo, kwa sababu mwanagenzi hulipwa ujira. Ukilivuta neno hilo hadi mwisho, jimbo halibakiwi na la kutunga.

Kwa upande wake, California ilikuwa uwanjani tangu zamani. Sheria yake ya mwaka 1931 iliagiza kwamba katika kazi za ujenzi zinazolipiwa na fedha za umma, mfanyakazi asilipwe chini ya kima cha ujira kinachotawala katika eneo husika. Mwaka 1939 jimbo lilitunga sheria ya wanagenzi, na programu zikawa zinapitishwa na Baraza la Wanagenzi la California.

Sheria hizi mbili zilikutana mahali pamoja. Katika kazi ya umma, mkandarasi anaruhusiwa kumlipa mwanagenzi ujira wa mwanagenzi ikiwa tu kijana huyo ametoka katika programu yenye kibali. Akitoka katika programu isiyo na kibali hakatazwi kufanya kazi, lakini mkandarasi atamlipa kama fundi kamili.

GEREZA LA SONOMA

Mwaka 1987 kampuni ya Dillingham Construction ilikuwa mkandarasi mkuu wa ujenzi wa gereza la watu wazima katika Kaunti ya Sonoma, kaskazini mwa mji wa San Francisco. Sehemu ya kazi za mitambo ya elektroniki iligawiwa kwa mkandarasi mdogo, Sound Systems Media.

Kazi ilipoanza, mkandarasi huyo mdogo alikuwa katika mkataba wa hali bora uliomtaka achukue wanagenzi wake kutoka kwa kamati ya mafunzo yenye kibali cha jimbo. Mwaka 1988 alitoka katika mkataba huo na kutia saini mwingine, na chama kingine cha wafanyakazi. Mkataba mpya ulikuwa na viwango vyake vya ujira wa wanagenzi, na ulianzisha kamati mpya ya mafunzo. Wanagenzi wakaanza kutoka kwenye kamati hiyo, nao wakalipwa kwa viwango vya mkataba mpya.

Tatizo ni kwamba kamati mpya haikuwa na kibali. Maombi yalipelekwa mwaka 1989 na kibali kikatoka mwaka 1990, na hakikuhesabiwa kurudi nyuma. Kwa jicho la jimbo, wanagenzi wa gereza la Sonoma walikuwa wamepunjwa: walistahili ujira wa fundi kamili kwa kila saa waliyofanya chini ya kamati isiyo na kibali.

Jimbo liliandika taarifa ya ukiukaji, na kaunti ikatakiwa kuzuia sehemu ya malipo. Hapa pana jambo la kuangaliwa na kila mfanyabiashara. Aliyebadilisha mkataba ni mkandarasi mdogo, lakini fedha zilizozuiwa zilikuwa za Dillingham, mkandarasi mkuu.

Kampuni hizo mbili zilikwenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa kwamba kamati ya mafunzo ni mpango unaolindwa na ERISA, na kwamba sheria ya California inayobagua kati ya kamati yenye kibali na isiyo nacho "inahusiana" nao, kwa hiyo imefutwa. Mahakama ya awali iliwapa jimbo ushindi. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ikapindua uamuzi huo na kuzipa kampuni ushindi. Jimbo likapanda ngazi ya mwisho.

MAHAKAMA ILIVYOPIMA

Majaji wote tisa walikubaliana kwamba sheria ya California haijafutwa. Hukumu iliandikwa na Jaji Clarence Thomas, naye akapima kwa mizani mbili.

Mizani ya kwanza: je, sheria ya jimbo inategemea kuwapo kwa mfuko wa ERISA? Mahakama ilisema hapana. Sheria ya California inazungumzia programu ya mafunzo yenye kibali, bila kujali fedha zake zinatoka wapi. Kampuni inayogharamia mafunzo kutoka katika fedha zake za kawaida haina mfuko wa ERISA, lakini inaweza kupata kibali sawa na wengine. Kwa hiyo sheria haikuilenga mifuko hiyo, ilizikuta njiani.

Mizani ya pili: je, sheria hiyo inaishika mifuko mkono na kuiamulia la kufanya? Napo jibu likawa hapana. Jimbo halikumlazimisha mtu kutafuta kibali. Lilichofanya ni kuweka unafuu wa ujira kwa mwenye kibali katika kazi za umma. Asiyekitaka anaweza kufanya kazi za watu binafsi, au kazi ya umma kwa kulipa ujira kamili. Sheria ilibadilisha faida na hasara za kila njia, na uchaguzi ukabaki kwa wenye mfuko.

Mahakama ilikumbusha pia kwamba ujira katika kazi za umma na viwango vya mafunzo ya wanagenzi ni mambo ambayo majimbo yamekuwa yakiyashughulikia tangu zamani, kabla ya ERISA. Sheria ya taifa ya wanagenzi ya mwaka 1937 ilikuta majimbo yakifanya kazi hiyo na haikuyanyang'anya. Bunge likitaka kufuta mamlaka ya zamani namna hiyo, lazima liseme kwa sauti inayosikika.

Njia hii ya kupima ilikuwa imefunguliwa mwaka 1995 katika kesi ya New York kuhusu nyongeza ya ada za hospitali, ijulikanayo kama Travelers. Huko nako ilisemwa kwamba sheria ya jimbo inayopandisha gharama ya chaguo fulani haijafutwa kwa sababu hiyo tu.

HESABU KWA MFANO

Uzito wa hukumu unaonekana vizuri katika tarakimu. Chukua mfano wa kubuni, wa kazi ya umma yenye thamani ya dola 1,000,000, ambayo mkandarasi anategemea faida ya asilimia 5, yaani dola 50,000.

Tuseme ujira wa fundi kamili ni dola 40 kwa saa na wa mwanagenzi ni dola 20. Mafundi wanafanya saa 10,000 na wanagenzi saa 2,000. Ujira wote uliowekwa katika zabuni ni dola 440,000.

Ikigundulika kwamba programu ya wanagenzi haikuwa na kibali, kila saa ya mwanagenzi inapanda kutoka dola 20 hadi dola 40. Nyongeza ni dola 40,000. Faida ya dola 50,000 imebaki dola 10,000, kabla ya adhabu, kabla ya wakili, na kabla ya riba ya benki kwa miezi ambayo malipo yamezuiwa.

Ujenzi ni biashara ya faida nyembamba. Karatasi moja ya kibali inaweza kuwa ndiyo faida yote.

MPAKA UKO WAPI

Hukumu ya 1997 haikuyapa majimbo ruhusa ya kufanya lolote. Mpaka unaonekana ukizisoma hukumu nyingine pembeni yake.

Mwaka 1988, katika kesi ya Mackey kutoka Georgia, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mdai anaweza kukamata mafao yaliyo mikononi mwa mfuko kwa kutumia sheria ya kawaida ya madeni, inayomhusu kila mtu. Lakini kifungu cha jimbo hilo kilichoitaja mifuko ya ERISA kwa jina ili kuipa kinga kilifutwa, ingawa nia yake ilikuwa njema.

Mwaka 1992 sheria ya Washington, D.C., iliyomtaka mwajiri ampe mfanyakazi aliyeumia kazini bima ya afya inayolingana na ile ya mpango wake wa kawaida ilifutwa, kwa sababu ilijengwa moja kwa moja juu ya mpango wa ERISA.

Mwaka 2016, katika kesi ya Gobeille, jimbo la Vermont lilizuiwa kudai taarifa za malipo ya matibabu kutoka katika mpango wa afya wa kampuni. Utunzaji wa kumbukumbu na utoaji wa ripoti ni kiini cha ERISA, na jimbo halina nafasi hapo.

Ukiziweka hukumu hizo pamoja, mstari unaonekana. Jimbo linaweza kuweka kima cha ujira, sifa za programu itakayopata unafuu katika kazi za umma, na mchango ambao kila mkandarasi atatoa. Haliwezi kuketi katika kiti cha mdhamini. Haliwezi kuamuru mfuko umlipe nani, utunze vitabu kwa mtindo gani au ugawe mafao kwa kanuni ipi.

YALIYOFUATA BAADA YA 1997

California iliendelea kuutumia uwezo huo. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya kanda hiyo ilikataa kufuta kanuni za jimbo zilizoweka kima cha chini cha ujira na mafao ya wanagenzi hata katika ujenzi wa watu binafsi.

Katika kazi za umma, sheria ya jimbo inamtaka mkandarasi kwa kawaida aajiri saa moja ya mwanagenzi kwa kila saa tano za fundi kamili, katika fani zenye wanagenzi. Mikataba mikuu iliyo chini ya dola 30,000 imesamehewa. Mkandarasi hupeleka mchango wa mafunzo kwa Baraza la Wanagenzi, kwa kiwango kinachotawala katika eneo. Akichangia programu yenye kibali inayoweza kuleta wanagenzi kwenye kazi hiyo, kiasi hicho hukatwa katika anachodaiwa na Baraza.

Mtindo huo unafuata hukumu ya 1997 hatua kwa hatua. Mchango ni wa lazima, lakini mkandarasi ana njia zaidi ya moja ya kuutoa. Akipuuza, adhabu inaweza kufika dola 100 kwa kila siku ya ukiukaji, na hadi dola 300 kwa anayerudia kwa kujua ndani ya miaka mitatu.

Mvutano mwingine ulitokea mwaka 2016. Wakandarasi walikuwa wakihesabu michango kwa mifuko ya kuitetea na kuitangaza biashara ya ujenzi kama sehemu ya ujira wa lazima. Sheria mpya ya California ilisema michango hiyo itahesabiwa ikiwa tu imo katika mkataba wa hali bora. Wakandarasi wasio na mikataba na vyama walilalamika kwamba wamefungiwa mlango. Mwaka 2018, katika kesi ya Interpipe, mahakama ya rufaa iliiacha sheria hiyo isimame.

Malalamiko hayo hayakosi msingi wa kibiashara. Jimbo linapoamua ni programu ipi ipate kibali na ni mchango upi uhesabiwe, linagusa ushindani. Mwenye mkataba na chama kikubwa huingia katika zabuni akiwa na faida ambayo mwenzake hana. Watetezi wa sheria hujibu kwamba bila kibali jina la mwanagenzi lingegeuka njia ya kupata vibarua wa bei nafuu wasiofundishwa kitu. Pande zote mbili zina hoja, na mahakama ilikuwa makini kusema kazi yake ni kupima uwezo wa jimbo, si uzuri wa sheria.

Mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliurudia msimamo huo katika kesi ya Rutledge, iliyohusu bei za dawa katika jimbo la Arkansas. Kwa kauli moja ilisema kwamba sheria ya jimbo inayopandisha gharama za mpango bila kuulazimisha uchukue mwelekeo fulani haijafutwa na ERISA.

LA KUANGALIA KABLA YA KUTIA FEDHA

Mwenye kutazama kampuni ya ujenzi inayotegemea zabuni za serikali katika majimbo kama California ana mambo manne ya kuuliza.

Kwanza, wanagenzi wake wanatoka katika programu gani, na kibali kilianza tarehe ipi. Tarehe ndiyo iliyowaponza watu wa Sonoma, kwani kibali chao kilikuja kazi ikiwa imekwisha kufanyika.

Pili, wakandarasi wadogo walio chini yake. Mkandarasi mkuu anayetoa kazi bila kukagua mikataba ya hali bora ya walio chini anabeba mzigo asioujua uzito wake.

Tatu, malipo yaliyozuiwa. Katika hesabu za mwaka fedha hizo huweza kuonekana kama mali inayodaiwa, ilhali zimefungwa katika mgogoro unaoweza kuchukua miaka. Kesi ya Sonoma ilichukua miaka kumi tangu kazi igawiwe hadi hukumu ya mwisho.

Nne, mabadiliko ya chama katikati ya kazi. Mkataba mpya wenye ujira nafuu unaweza kuonekana kama akiba. Kabla ya kuihesabu akiba hiyo, muhuri wa jimbo uwe umekwisha kupigwa kwenye programu ya mafunzo inayokuja na mkataba huo.